Taa za Uwanjani Siku ya Posa ya Dada

Nakumbuka siku ile ya posa ya dada yangu, mwanangu, na hata leo nikiisimulia moyo unanidunda. Wakwe walikuwa njiani, giza linaingia, na taa zetu za uwanjani zinafifia na kuwaka zenyewe. Uwanja wetu hapa Gisenyi ulikuwa wa mawe ya volkano, yenye makali, na mama wa bwana harusi alikuwa na macho mabovu. Akianguka mbele ya wazee ingesemwa ni nuksi, na posa ingeharibika. Dada alikuwa dirishani anazitazama zile taa.

Mimi kijana, damu inachemka. Nikakimbilia dukani, nikaleta balbu mpya, nikabadilisha zote. Zikafifia vilevile. Nikawalaumu watu wa umeme, nikaulaumu upepo wa ziwa, nikaanza hata kumtazama jirani vibaya.

Shangazi yangu Feza, aliyevuka kutoka Goma asubuhi kuja kutupikia, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"We, acha kukimbia. Taa ya mu nyumba inacheza?"

"Hapana, tantini," nikamjibu shangazi. "Iko muzuri."

"Bon. Basi umeme unaingia vizuri. Ugonjwa iko huku inje. Simama, tazama."

Nisimame, na wakwe wako njiani? Lakini shangazi yule habishiwi. Nikasimama, nimenuna. Binti wa jirani akaingia na viti, taa zikafifia. Akatoka, zikafifia tena. Jamani, ni geti. Waya ulifungwa kwenye nguzo ya geti, na kila likifunguliwa unavutwa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nikazima swichi kubwa ya nyumba, nikapanda ngazi na tochi, nikabandua utepe uliofunika kiungo cha waya. Kiungo kilikuwa kimelegea, kimeungua na kuwa cheusi. Nikakata pabovu, nikaunga upya nikakaza, nikauhamishia waya ukutani, mbali na geti. Ndipo nikasikia gari linasimama.

"Washa," nikamwambia dada.

Zikawaka. Geti likafunguliwa, nami nikafumba macho kwa woga. Nilipofumbua, uwanja ulikuwa mweupe, na mama mkwe anakuja juu ya mawe bila kushikwa mkono, anamwuliza shangazi kama sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zimeiva.

Sasa nasikia taa za kwako nazo zimeanza kucheza. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu. Usikimbilie balbu. Uliza kwanza: za ndani zinacheza? Ni moja au zote? Zinafifia mvua ikinyesha, upepo ukivuma, au mtu akipita? Zima umeme kabla hujagusa chochote, na kama mkono wako haujazoea waya, mwite fundi leo hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa umeme huchoma nyumba.

Mungu akujalie subira ya kusimama na kutazama, hata wakwe wakiwa njiani. Na kila anayeingia getini kwako aone anapokanyaga.