Ukurasa Niliouruka

Sikuwa na cheti cha sekondari mpaka nilipotimiza miaka arobaini na mitatu. Sikuwa na nyumba yenye jina langu. Sikuwa na mhuri wa nchi yoyote kwenye pasipoti zaidi ya Tanzania na Emirates. Na moyo wa kumfurahia mwenzangu, huo nao sikuwa nao.

Ndiyo maana mwaka 2014 nilimpoteza binti wa watu huko Uingereza, nikiwa nimekaa jikoni Al Warqa, Dubai, nakunywa chai.

Nilikuwa dereva wa Madam Ashwaq kwa miaka kumi na saba. Kiingereza nilikisoma Bukoba, masomo ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, dawati moja na vijana wa rika la wanangu. Kila kiangazi madam na watoto wake walikwenda London. Kila kiangazi nilijiambia: safari hii watanichukua niwaendeshe.

Mwaka ule madam akatangaza: "Zedekiya, tunazunguka kwa treni. Bath, Birmingham, Wales, York, Edinburgh. Kulusumu anakuja kuangalia watoto."

Kulusumu! Mfanyakazi wa ndani kutoka Kondoa, Dubai ana miaka miwili tu, Kiingereza chake hakijazi kiganja.

Henry, mlinzi wa geti la jirani, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mzee, treni haina usukani! Baki hapa tumwagilie maua."

Sikucheka.

Kibaya zaidi, madam akaniletea kitabu cha safari. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Mfundishe."

Nikakisoma chote. Nikamfundisha tiketi, stesheni, mabehewa. Kulusumu aliandika kila neno kwenye daftari.

"Mwalimu, nikipotea je?"

"Hupotei."

Lakini ukurasa mmoja niliuruka. Ulisema treni ya kwenda pwani ya Wales hukatwa njiani. Mabehewa ya mbele yanakwenda mji mmoja, ya nyuma mji mwingine. Abiria ahakikishe yuko upande wake.

Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho ilipofika nikamkuta anajaribu koti jipya la zambarau alilonunuliwa na madam, anazunguka mbele ya kioo. Nikanyamaza.

Roho ya kwa nini, ndugu zangu. Ilinikaba.

Siku ya sita simu ikalia. Madam, anahema.

"Kulusumu ametoroka! Aliinuka akasema anarudi sasa hivi. Treni nzima tumetafuta, hayupo!"

Nilijua papo hapo. Sentensi moja ingetosha: madam, yuko kwenye nusu nyingine.

"Alikwambia anataka kubaki huku? Sema, Zedekiya!"

"Wasichana wa siku hizi, madam... mimi sijui."

Alipatikana jioni, mji mwingine kabisa, wahudumu wa stesheni wakimpa chai. Jina la hoteli lilikuwa kwenye daftari. Lakini madam alishaamua. Khalas, imekwisha. Mtoro hamtaki nyumbani kwake. Akampandisha ndege arudi Dubai peke yake, na Ijumaa wakala wa wafanyakazi amsafirishe kwao.

Nikaenda kumpokea uwanjani.

"Shikamoo, mwalimu." Macho yamevimba, koti begani.

Garini nikauliza kama mtu asiyejua kitu: "Ulifuata nini mabehewa ya nyuma?"

Akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha ratiba za treni, kimekunjamana.

"Nilimfuata kondakta nimwombe hiki. Kwa mikono, mwalimu, nilivyohangaika! Nikamwambia nina mwalimu wangu hajawahi kuziona treni hizi, angalau asome saa zake. Akawa anapekua begi, anapekua... Nilipogeuka, wenzangu hawapo."

Nikaegesha gari kando ya barabara.

"Vipi, mzee? Mafuta yameisha?"

"Kulusumu, kukatwa kwa ile treni nilikujua. Kwenye kitabu kulikuwamo. Sikukwambia."

Akasema, polepole: "Mama yangu atawaambia nini watu? Kwamba mwanawe alitoroka?"

Nikazima injini.

"Basi mpigie madam," akasema.

"Nitamwandikia. Mdomo wangu ulishadanganya kwenye simu, siuamini tena. Na barua ataishika mkononi, hata wakala atamwonyesha."

Nilichana karatasi tatu. Ya nne niliiandika kwa Kiingereza kile kile nilichokuwa nikijivunia: Madam, Kulusumu hakutoroka. Treni ilikatwa. Mimi nilijua, na ulipouliza nilikuficha. Wa kurudishwa kwao ni mimi.

Miaka sitini na mmoja, nani ataniajiri tena? Nililijua hilo nilipoweka sahihi.

Wewe unayesoma haya, wivu usidhani lazima uchimbe shimo. Mara nyingi unakaa tu pembeni unamtazama mwenzako akilielekea, mdomo umefunga.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Al Garhoud, kwenye ofisi ya kusafirisha vifurushi.

"Edinburgh, hotelini?" karani akauliza. "Jumatano itakuwa imefika."

Nikalamba gundi, nikaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika, nikamkabidhi.