Waliozima server ya simulator yetu wamemfungia mzee wangu njia ya Idodi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Anayetafuta chai, yaani stori za kutunga, aende uzi mwingine. Hili limetokea sebuleni kwangu hapa Mbeya, na ninavyoandika bado nina hasira, kwa hiyo mkiona maneno makali mnivumilie.

Nina ofisi ndogo ya stationery Mwanjelwa. Sinywi, sibeti. Starehe yangu ni flight simulator, yaani program ya kompyuta inayokuweka ndani ya ndege. Unarusha kwa joystick, unaiona nchi kwa chini. Wife alishanizoea.

Mzee wangu ni Mhehe wa Idodi, ile barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Alivunjika nyonga, nikamchukua akae kwangu. Daktari kamkataza safari ndefu za kukaa. Kutoka Mbeya mpaka Iringa, halafu ule mtikisiko wa kwenda Idodi, haiwezekani. Tangu aumie hajakanyaga kwao, na mtu mzima akikosa kwao anakuwa mkali hata kwa chai iliyopoa.

Siku moja akanikuta narusha ndege. Akauliza, "Hiyo inafika Idodi?"

Kufika ilikuwa inafika, ila ukifika hukuti kitu. Nyasi tu.

Basi nikaanza kujenga. Simulator ile ya zamani ilikuwa inakuruhusu kutengeneza scenery yako mwenyewe: nyumba, miti, barabara, chochote. Binamu yangu Chesco anakaa Kihesa, Iringa mjini. Kila akienda Idodi anapiga picha ananirushia. Kanisa, mashine ya kusaga, nyumba ya shangazi. Kwa kutua nikatumia uwanja wa mpira, maana nilitaka tushuke karibu na nyumbani. Mzee akanifokea kwamba nitagonga watoto wa watu, ikabidi niyaondoe magoli ndipo akatulia.

Shangazi alipobadilisha bati, na mimi nikabadilisha bati.

Basi kila Jumamosi tunaondoka Mbeya, tunaipita Usangu na mashamba yake ya mpunga, tunaingia Idodi. Lakini mzee alikuwa hakubali tutue kabla hatujazunguka juu ya kaburi la babu. Anavua kofia, anasema taratibu, "Kamwene, baba." Hiyo ni salamu ya kwetu. Nikamuuliza kama huko si kutambika.

"Sisi Walutheri," akasema. "Nasalimia tu. Utaingiaje kwa mtu bila kumsalimia?"

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Vidonge vya hospitali alikuwa anavisahau, Jumamosi hasahau.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Kampuni iliyotengeneza simulator ikatangaza kwamba toleo la zamani wanalifunga, watu wote tuhamie jipya. Sikushtuka. Sisi huku hatuishi kwa update, tunaishi kwa external, ile diski ya kubeba mkononi. Program nilishalipia, ilishakubali kwenye mashine yangu, naitumia bila internet. Nikajua wazime wasizime, mimi inanihusu nini?

Halafu kompyuta ikaanza kuwa nzito. Mnajua huku kwetu, mashine ikikohoa kidogo inapigwa window, yaani inafutwa yote na kuwekewa Windows upya. Hatuulizi ugonjwa. Nikampelekea fundi Ambakisye, jirani yangu pale Mwanjelwa. Akaiangalia, akasema, "Kaka, hii inataka window tu." Nikamwambia piga. Mafaili yangu yote nilishayaweka pembeni, scenery ya Idodi ikiwemo.

Fundi hana kosa, msianze kumshambulia.

Nikarudi nyumbani, nika-install simulator. Ikaniambia lazima ithibitishe kwanza kwamba ni halali. Inathibitisha wapi? Kwenye server, ile kompyuta ya kampuni huko mbali. Server iko wapi? Wameshaizima.

Yaani nimelipia kitu kwa hela yangu, ninacho mkononi, halafu anayetakiwa kunifungulia mlango ameondoka na funguo. Huu ni wizi, wakuu. Sitafuti neno zuri.

Nikawaandikia. Wakajibu kwa adabu zote, wakanishukuru kwa kuwa mwanafamilia wao, wakanishauri ninunue toleo jipya. Nikaenda kwenye forum ya wazungu, wenzangu wa hobby hii, mmoja akaniambia dunia inasonga, nisonge nayo. Ningekuwa karibu naye tungeelewana vizuri.

Basi nikanunua jipya. Hili halikai kwenye kompyuta yako, linavuta dunia kutoka internet unaporuka. Nisiwe mnafiki, ni zuri. Milima ya Mbeya unaona mpaka ukungu. Jumamosi nikamwita mzee. Tukavuka Usangu anatabasamu.

Tukafika Idodi. Pori.

Kompyuta zao zimekisia kwamba pale ni msitu, wakapanda miti. Hakuna kanisa, hakuna mashine, hakuna kwa shangazi. Kaburi la babu sikuliona. Na scenery yangu haiingii humo, file za zamani hawazipokei.

Mzee akaisogelea screen. Halafu akauliza, "Wamehamishwa lini?"

Nikacheka. Nikamtazama, hatanii.

Mjue huyu mzee alishahamishwa akiwa mdogo, enzi za vijiji vya ujamaa. Anayajua mambo ya kurudi ukakuta kwenu hakuna paa. Nikamweleza kwamba ni program tu, imekosea.

"Mbona bati la shangazi yako ililijua?" akaniuliza. "Mmenificha kwa sababu naumwa."

Akachukua simu akampigia shangazi, akaweka sauti kubwa.

"Dada, mko wapi?"

"Tuko wapi tena, kaka? Niko hapa nyumbani napukuchua mahindi."

"Nenda kwa baba."

Shangazi hakuuliza sababu. Tukamsikia anatembea, kuku wanalia. Akasema, "Nimefika. Nimesimama hapa kwa baba."

Mzee wangu akalia, wakuu. Sijawahi kumuona akilia, hata siku ya nyonga. Alipokata simu akaniambia, "Zima hiyo."

Najua kuna mtu atasema nijenge upya kwenye toleo jipya. Nijenge, halafu na hilo walizime? Somo nililopata ni kwamba kitu kinachosubiri ruhusa ya mtu mwingine ili kiwake, si chako hata kama umelipia. Hiyo future ya software wanayoishangilia, huwa wanatuuliza sisi saa ngapi?

Mwenye mashine Iringa au Mbeya ambayo toleo la zamani bado linawaka, naomba asiipige window, ani-PM, nitamfuata alipo. Wengine semeni yenu, na anayetaka kuandika "ni game tu" aandike, uwanja ni wake.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza mzee kama tujaribu tena. Akasema hapana, atasubiri apone aende kwa basi.

Nyonga ile haiponi, na yeye anajua.