Nilimficha nesi kijiti kwa sababu mama alikuwa amekaa pale

Admin, jina langu na picha vibaki kwako. Ukiandika Butiama inatosha, kata yetu watu wanajuana mpaka mbuzi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nina mabinti wawili, na nimeolewa na mwanamke mwenzangu. Tulieni, sio hivyo mnavyofikiria. Huku kwetu Mara, mama aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Yule msichana anazaa na mwanaume atakayechaguliwa, na watoto wanakuwa wa ule mji. Inaitwa nyumba ntobhu. Mwanaume wangu ni fundi baiskeli, anakuja akiitwa na anaondoka akiambiwa, sina ugomvi naye.

Mama aliyenioa si mtu mbaya, naomba msimtukane kwenye koment. Shida yake ni moja tu, anataka mtoto wa kiume kabla hajafa. Binti yangu wa pili nilimzaa nikatoka damu mpaka nikaongezewa, na daktari akaniambia nikibeba mimba nyingine karibuni naweza nisirudi nyumbani. Mama alisikia kwa masikio yake. Mtoto hajafikisha hata siku arobaini, akasema wa tatu atakuwa wa kiume. Siku ya mnada nikaenda Bunda ambako hawanijui, nikawekwa kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Kidonda kilipoonekana nikasema nimechomwa na mti wakati naokota kuni.

Nikakaa kwa amani karibu miaka miwili. Kisha nikaanza kukohoa, nikapimwa, nikakutwa na TB. Pale wanapotibu wanataka mtu wa nyumbani wa kukusimamia umeze dawa, na mama ndiye aliyejitolea. Siku ya kuandikishwa nesi akaniuliza maswali mengi, na mojawapo lilikuwa kama natumia njia yoyote ya uzazi wa mpango. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yangu, ananiangalia mdomoni. Nikasema situmii. Nesi akaandika, akaendelea na swali lingine.

Jamani, yule mama alinihangaikia. Kila asubuhi alinipa dawa kwa mkono wake, akaniambia nifungue mdomo aone kama nimemeza, kisha uji wa ulezi. Mkojo ukawa mwekundu, nikaogopa, akanicheka akasema ndiyo dawa inafanya kazi. Kikohozi kikaisha. Nesi aliposema siwezi tena kumwambukiza mtu, wiki hiyohiyo mama akamwita fundi baiskeli. Mimi sikuwa na wasiwasi, si nina kijiti? Tangu kiwekwe siku zangu zilikuwa hazieleweki, kwa hiyo zilipokosekana sikuhesabu. Kutapika nikasema ni dawa. Aliyegundua ni mama. Alinitazama nikiwa naosha vyombo akasema, "Mi nilijuaga tu Mungu hajanisahau."

Nilinunua kipimo dukani, kikaonyesha mistari miwili. Nikakaa chooni nikilia bila sauti. Jana nikaaga kwamba naenda kumwona dada, kumbe nimerudi Bunda kwa nesi aliyeniwekea kijiti. Akakipapasa, kipo palepale. Akaniuliza kama kuna dawa nilianza kumeza tangu aniwekee. Nikamwambia za TB. Akaweka kalamu mezani.

"Uliwaambiaga una kijiti?"

Nikatikisa kichwa. Akaniambia dawa ya TB inapunguza nguvu ya kijiti, na kwamba wangejua wangenipa njia nyingine ya kuongezea. Dawa nisiache, TB ni kifo. Kisha akapunguza sauti, akasema mimba ikiingia mtu akiwa na kijiti mara nyingi inakaa mahali pake, ila uwezekano wa kukaa nje ya mfuko wa uzazi unakuwa mkubwa kuliko kawaida, hivyo lazima ionekane iko wapi. Akaniandikia nikapigwe picha ya tumbo Musoma, kesho. "Ukisikia maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, au bega likiuma bila sababu, usingoje kesho. Na mtu asikukande tumbo."

Leo ndiyo siku ya picha, na tangu asubuhi ubavu wa kulia chini unanivuta. Kuna matone ya damu, meusi. Mchana nimeinama kuokota sahani, nikaona giza, nikashika ukuta. Sasa bega nalo limeanza, najiambia labda nimelilalia vibaya.

Najua mtaniambia nenda hospitali. Najua. Ila sitaenda bila mama, ndiye anayenisindikiza hospitali kila mara tangu niugue, na huko kitu cha kwanza watakachokiona ni huu mkono. Nikijulikana nilimzuilia mtoto nitarudishwa kwetu, na mabinti zangu watabaki hapa kwa sababu kimila ni wake. Mdogo bado hajaweza kulala bila kushika sikio langu.

Ameshaitangazia jumuiya nzima. Jina la marehemu mume wake ameshalitoa, hata haulizi kama atakuwa wa kike. Nilipomwambia tumbo linauma amefurahi, eti mtoto anatafuta nafasi, akatoka kwenda kumwita bibi mmoja anayekandaga wajawazito.

Nimejifungia chumbani ndiyo naandika. Nawasikia wanakuja, mama anacheka, na sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nikisema nisikandwe atataka kujua kwa nini. Nishaurini haraka, nianze na neno gani? Anagonga mlango, na nimejaribu kusimama nimeshindwa.