Bakora Iliyogonga Nukta

Ngo! Halafu, baada ya maneno machache, ngo-ngo! Mlio huo naukumbuka kuliko honi zote za Kariakoo: bakora ya mpingo ikigonga sakafu ya mbao juu ya vichwa vyetu, na vumbi la mchwa likishuka kwenye sufuria ya uji. Mimi na mama yangu tulikaa katika stoo ya chini ya nyumba kuukuu, na juu yetu aliishi Bibi Kokila, mjane wa Kihindi aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza enzi zake. Wanawe walikuwa ng'ambo. Mama, mtu wa Masasi aliyefiwa na mume hapa hapa mjini, alimfulia nguo, na stoo ilikuwa sehemu ya ujira wake. Baba alipokufa niliachishwa shule nikiwa darasa la tano, nikawa nauza mifuko ya rambo, ile ya plastiki, sokoni. Leo nina duka la vipuri vya pikipiki ambalo hakuna fundi Kariakoo asiyelijua, na wateja wangu wa Lusaka na Lilongwe wakisoma Kiingereza changu huniuliza nilisoma chuo gani. Nawajibu: chuo cha chini ya dari. Wanadhani natania.

Ilikuwa masika, ile masika mbaya. Soko lilinuka vitunguu vilivyooza na matope, na hakuna aliyenunua mfuko. Nikawa nashinda stoo, nasoma kwa sauti vipande vya magazeti ya Kiingereza vilivyofungiwa maandazi, vimelowa mafuta hadi unaona mwanga upande wa pili. Nusu yake sikuielewa. Nilisoma mbio mbio, kujitapa tu, ili wauza mifuko wenzangu waliojibanza barazani wanisikie. "Huyo, profesa wa rambo!" walinizomea. Mama akasema, "Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu." Ndipo siku moja bakora ikagonga juu, na sauti ikashuka dirishani: "Wewe mtoto! Nani nakimbiza wewe?" Nikajibu, "Hakuna, Bibi." "Basi pumzika kwa mkato! Hata mbwa nahema!" Barazani walikufa kwa kicheko. Kiswahili cha Bibi Kokila kilikuwa cha dukani, lakini Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi.

Toka siku ile ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi chini nasoma, yeye juu anasikiliza kupitia nyufa za mbao. Mkato, anagonga mara moja. Nukta, mara mbili. Nikipitiliza, alibamiza hadi mchwa wakahama. Na kwa kuwa karatasi zangu zilikuwa zimechanika, sentensi nyingi ziliishia hewani. "Malizia!" alifoka. "Maneno haiachwi njiani kama maiti haina mwenyewe." Nikajifunza kuzimalizia kwa kichwa changu, na hapo ndipo nilipoonja utamu. Nilitambua kwamba mtu anaweza kuchukua kipande cha habari ya pamba au ya reli, akakipa mwisho wake mwenyewe, na mwisho ule ukasimama imara kama nguzo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Bibi Kokila naye aliona kitu, maana alimwita mama akamwambia, "Mvua ikikatika, mimi napeleka huyu shule. Mimi mwenyewe naongea na mwalimu mkuu." Mama alishuka ngazi akijifuta macho kwa kanga. Nilianza kuomba mvua ikatike.

Haikukatika. Bonde la Jangwani lilijaa, barabara ikafungwa, na dada aliyetoka Magomeni kila siku kumpikia Bibi hakuweza kuvuka. Mchana ule nilikuwa nasoma habari ya bandari. Nikafika kwenye mkato: ngo. Nikaendelea, nikafika kwenye nukta. Kimya. Nikadhani ni mvua juu ya mabati. Nikairudia sentensi kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Bibi hakuwahi kuacha nukta ipite, hata siku aliyokuwa na homa. Nikaitupa karatasi nikapanda ngazi, mama nyuma yangu. Tulimkuta chini kando ya kiti, mdomo umepinda upande mmoja, bakora imemtoka mkononi. Kiharusi. Gari hazikupita. Wale wale waliokuwa wakinizomea barazani walimlaza kwenye mkokoteni wa kubebea viazi, mama akamfunika kanga zake mbili, tukamsukuma katika matope hadi hospitali ya Upanga.

Alirudiwa na macho tu. Kiswahili cha dukani kilikwenda, Kiingereza cha pasi kilikwenda. Mimi nilipenyeza karatasi zangu za maandazi wodini nikamsomea, na nilipofika kwenye mkato, kidole chake kimoja kiligonga chuma cha kitanda. Nukta, mara mbili. Nesi akaniambia, "Endelea, mdogo wangu, endelea." Niliendelea kwa siku kadhaa, hadi siku nilipofika kwenye nukta nikasubiri, na mama akaniondolea karatasi mkononi taratibu. Jamaa zake walimsindikiza kwa moto, kama desturi yao. Mvua ilikatika wiki ile ile. Shule sikurudi.

Nyumba ile iliuzwa, ikabomolewa, na duka langu liko chini ya ghorofa lililojengwa mahali pale pale. Nilihakikisha napata fremu hiyo ya duka, hata walipotaka kumpa mwingine. Jioni nikimwandikia mteja naisoma barua yangu kwa sauti, na kwa kifundo cha kidole nagonga meza: mkato, mara moja; nukta, mara mbili. Vijana wangu wanacheka. "Bosi, si umtumie voisi tu?" Naendelea kugonga. Nikimaliza, huwa natazama juu. Ni zege tupu, ghorofa juu ya ghorofa, safi, halina mchwa wala ufa. Hata mtu akianguka huko juu saa hizi, sisi wa huku chini hatutajua.