Niliunga shafti ya mashine ya mpunga nikanyamaza, na aliyeijaribu ni mke wangu

Wakuu, amani kwenu nyote mlioingia humu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naupandisha hivyo hivyo ulivyo. Ni jambo lililonikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, na anayetaka kunitukana anitukane, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kamembe, Rusizi, mpakani na Bukavu. Karakana ni ya Mzee Rajabu, aliyenifundisha kazi tangu sijaota ndevu. Miaka yote tulikuwa watu wa mageti, madirisha na majiko, vitu ambavyo vikiharibika mteja anakuja kulalamika tu, hafi mtu.

Kazi yetu ilikuwa ya kupokezana. Mmoja anachora, anampa fundi karatasi, fundi akikwama anamlaani mchoraji kimoyomoyo, na mteja anaitwa mwisho aje achukue chake. Kuna mwaka tuliunda mashine ya kukwaruza mihogo, nzuri kweli, halafu tukagundua haipiti mlangoni.

Tulibomoa ukuta. Msicheke.

Sasa wakaja akina mama wanaolima mpunga kule Bugarama, wanataka mashine ya kupura. Kiongozi wao ni Mama Amina, mke wangu wa ndoa. Kwao ni Bugarama, na siku za mavuno huwa anashinda huko shambani kwa mama yake.

Mchoraji wetu ni dada mmoja anaitwa Clarisse, amesoma shule ya ufundi. Yeye ndiye aliyesema safari hii tubadilishe.

"Mzee, hii tuifanye sisi bote pamoja," alimwambia Mzee Rajabu. "Nikichora peke yangu, makosa yangu mutayaona ku mwisho, kama ile ya muhogo."

Basi ikawa hivyo. Meza moja, toka siku ya kwanza: anayechora, anayechomelea, na wale watakaoitumia. Clarisse akiwa bado anachora, mimi tayari naunda gabari, ile fremu ya kushikilia vyuma visisogee wakati wa kuchomelea. Mashine na namna ya kuiunda vinakua pamoja, hakuna kusubiriana. Team work ya kweli, na niseme ukweli, niliipenda sana.

Kwa wasioijua mashine yenyewe: ni ngoma yenye meno ya waya, inazungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Unashika mganda wa mpunga kwa mikono miwili, unaulaza juu ya ngoma, punje zinapukutika. Mikono yako inakaa karibu sana na meno. Ngoma nzima imebebwa na shafti, chuma kimoja kinene kinachopita katikati.

Hiyo shafti ndiyo habari yenyewe.

Wiki ya pili akina mama walisimama mbele ya fremu, wakajaribu kusimama wawili, wakagongana viwiko. Wakaomba ngoma irefushwe. Clarisse akasema sawa, akafuta, akachora upya palepale. Hiyo ndiyo raha ya kukaa pamoja, badiliko linapita kwa dakika chache.

Shida ni kwamba shafti mimi nilishaikata. Nilikuwa nimeharakisha ili gabari liishe mapema, na Mzee alikuwa amenisifu mbele ya wote. "Muone kazi ya mutoto wangu," alisema, "hata ng'ambo Bukavu haupate mutu wa hivi." Nilivimba kichwa, wakuu. Nilivimba.

Chuma kingine cha unene ule Kamembe hakikuwepo. Ningepaswa kusema mezani: jamani, nilikata mapema, tusubiri kingine. Sentensi moja tu. Wala lisingekuwa kosa langu, kwa sababu mchoro ndio uliobadilika.

Sikusema. Nilichukua kipande, nikakiunga kwa kuchomelea upande wa puli, lile gurudumu linaloshika mkanda, nikasaga kwa grenda mpaka kikalingana, nikapaka rangi.

Mafundi wenzangu mnaosoma hapa najua mmeshashika vichwa. Shafti inayozunguka haiungwi kienyeji hivyo. Mkanda unaivuta upande mmoja kila inapozunguka, na siku moja inakatika pale pale ulipounga. Nilijua. Mzee alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kushika elektrodi.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kunikaa. Kila asubuhi nikiingia karakana nilikuwa naitazama ile rangi kabla ya kusalimia watu. Nyumbani sahani nilikuwa naiacha imejaa. Mama Amina akiuliza nina nini nasema ni moshi wa kuchomelea.

Mtaniuliza kwa nini Mzee hakukagua. Hapa lazima niwaeleze desturi ya kwetu. Katika karakana ya Mzee Rajabu, fundi hakosolewi mbele ya mgeni. Ukikosea, Mzee anangoja mteja aondoke, jioni anakuja kwako, anakunywa chai, halafu anakwambia polepole. Ni heshima kubwa, na mimi imenilea.

Zamani desturi hiyo haikuwa na shida, mteja alikuwa anakuja mwisho. Lakini sasa wateja walikuwa mezani kila siku, na mmoja wao ni mke wangu, hata hiyo chai ya jioni ni yeye anayeipika! Hakuna aliyeliona hilo. Tulibadilisha namna ya kufanya kazi, tukaacha adabu zetu za zamani zikae palepale.

Siku ya test tukaenda Bugarama, asubuhi, jua tayari kali kama kawaida ya kule. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitapura mimi mwenyewe, ikikatika inikate mimi.

Mama Amina akafunga kitenge chake vizuri, akachukua mganda wa kwanza. "Hii ni mashine yetu," akasema. "Minaanza mimi."

Wenzake wakapiga vigelegele.

Wakuu, badala ya kusema nilisogea upande wa puli. Injini ikawashwa. Ngoma ikaanza kuzunguka, punje zikaruka, akina mama wakacheka kwa furaha. Mimi nasikiliza sauti moja tu, upande wa puli. Mwanzo hakuna kitu. Mganda wa pili hakuna kitu. Nikaanza kujidanganya kwamba itashika.

Mganda wa tatu nikasikia: tk. Kimya. Tk. Halafu tk tk tk, inafuatana.

Nilimwona mke wangu ameinamia meno yale, vidole vyake vinane vinaonekana juu ya mganda, na nikajua kwamba ngoma ikiruka itamfikia yeye kabla sijafika mimi. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na nimeona mengi.

Nikaruka kwenye injini nikavuta wenzo wa kuzima. Lakini injini ikizimika ngoma haisimami hapo hapo, inaendelea kwa uzito wake. Naye hakuelewa, aliegemea zaidi ili amalizie mganda. Nikamshika kitenge nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili kwenye majani ya mpunga.

Ngoma ikazunguka, ikapungua, ikasimama.

Hapo nikasema yote. Nikiwa bado chini, mbele ya akina mama wote, nilisema shafti nimeiunga. Nilikuwa nalia, sioni haya kuandika.

Mzee Rajabu alikwenda upande wa puli, akakwaruza rangi kwa kisu chake. Ufa ulikuwa umezunguka zaidi ya nusu ya chuma. Clarisse alipouona aliketi chini, akafunika uso.

Mzee akafuta kisu chake kwenye suruali. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Ile rangi niliiona toka siku ya kwanza. Shafti haipakwake rangi pale. Nikasema nitamuambia kwake ku nyumba, bageni bakiisha kwenda. Na bageni habakuenda hata siku moya."

Mama Amina alikuwa anajipangusa majani. Akaacha. Akamtazama Mzee, akanitazama mimi.

"Kumbe mulikuwa babili," akasema. "Babili munajua. Na mikono iko yangu."

Hakupandisha sauti. Nilitamani angenipiga.

Alibaki kwa mama yake siku nyingi. Mzee ndiye aliyekwenda kumwomba radhi kabla yangu, kwa miguu yake, mtu wa umri ule. Alirudi na sharti moja tu la Mama Amina: mashine itaendelea, ila kila kikao kianze kwa kila mtu kutaja anachokiogopa. Siyo alichomaliza. Anachokiogopa, mbele ya wote, na anayekosolewa akosolewe hapo hapo.

Kikao cha kwanza cha namna hiyo kilikuwa kizito mno. Mzee alianza, akasema anaogopa macho yake hayaoni tena mstari vizuri. Hakuna aliyewahi kulijua hilo. Clarisse akasema anaogopa kuniambia mimi lolote kwa sababu huwa nakunja uso. Kweli, huwa nakunja.

Mashine tuliimaliza, shafti moja nzima. Imepura mavuno mengi sasa. Mama Amina amerudi nyumbani, tunaishi vizuri, lakini nikimletea kitu chochote nilichotengeneza, hata kigoda, anakigeuza kwanza atazame chini. Simlaumu.

Nilichojifunza ni hiki. Kuwaketisha watu wote meza moja toka mwanzo ni jambo jema, na sitarudi kwenye kupokezana karatasi. Ila tulikuwa wote mezani, na siri ilikuwa mezani pamoja nasi, inakunywa chai.

Najua humu kuna mafundi, wauguzi, madereva, wahandisi. Sitaki pole. Niambieni tu, wewe kazini kwako, kuna kitu gani unakijua leo na hujakisema? Na ni mikono ya nani iliyo karibu nacho?