Paka alinenepa Ramadhani, nikajua mke wangu anafunga na figo ya kupandikizwa

Wakuu, salaam kutoka Pemba, huku Mtambile. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sitii chumvi.

Mke wangu, nitamwita Maryam, ana sukari tangu utotoni. Ikamla figo. Miaka sita iliyopita, nje ya nchi anakoishi kaka yake, alipandikizwa figo na kongosho kwa pamoja, vya mtu aliyefariki.

Wengi wanadhani hapo ndiyo umemaliza. Thubutu.

Wiki ya kwanza alirudishwa theatre, damu inavuja. Zikaja UTI zisizoisha. Na vidonge kila baada ya saa kumi na mbili, maisha yake yote, ili mwili usivikatae viungo.

Ila sindano za insulin aliziaga, kongosho jipya linaitengeneza. Siku aliyokula haluwa bila kujipima alilia, nami nikalia, haluwa ikabaki.

Daktari alimkataza kufunga. Ramadhani ya mwaka juzi nikimpikia uji kila siku, namwachia jikoni, naenda shamba.

Mwezi ule sote tulikonda isipokuwa paka wetu. Nikamtania Maryam kwamba huyu anafuturu mtaa mzima. Hakucheka.

Kumi la pili la mwezi akavimba miguu. Vipimo: creatinine juu, yaani figo inashindwa kusafisha damu, na sukari juu. Nilipomuuliza, akajibu taratibu:

"Mie n'shapewa viungo vya mtu, hata jina lake silijui. N'shukuru vipi, na kufunga sifungi?"

Kumbe uji anakula paka. Vidonge vya asubuhi anavimeza wakati wa daku, zile saa kumi na mbili zimevurugika, na maji hanywi kutwa.

Nilikasirika, wakuu. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana nilikuwa naweka bakuli na kuondoka kama anayelisha kuku.

Figo ilirudi. Kongosho halikurudi, yupo kwenye insulin tena. Daktari anasema huenda lingechoka lenyewe siku moja. Maryam haamini.

Siku hizi fidia anaipika mwenyewe, chakula cha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga. Akikoroga chungu namsikia: "Na weye n'siyekujua, Mungu akulipe."

Somo nililopata: usimwache mgonjwa ale peke yake katika mwezi ambao watu hawali, ataona haya. Mchana narudi, nafunga mlango, nakaa naye. Mimi na swaumu yangu, yeye na uji wake, mpaka bakuli liishe.

Wenye wagonjwa wa kupandikizwa, ninyi Ramadhani mnaendaje? Nifundisheni.

Paka mwaka huu kakonda, alhamdulillahi.