Fundo la Kitenge

Mchana dawa hunipeleka mbali. Nasinzia kwenye kiti mlangoni, mvua ikigonga bati, na ndoto ni ileile: natembea kwenye barabara ya Mugunga, na mgongoni kuna uzito wa joto unaopumua. Sigeuki kuutazama. Najua ni mtoto, na najua ni wangu. Kisha tumbo linaniamsha nakimbilia choo.

Binti yangu alikuwa na miezi minne utumbo wangu mpana ulipoharibika. Madaktari ng'ambo ya mpaka waliuondoa, wakautumia utumbo mwembamba kunishonea kifuko humo ndani. Kilipokuwa kinapona nilivaa mfuko wa nje, uliobandikwa tumboni kupokea choo, kwa miezi tisa. Nauchukia mpaka leo. Kwetu kitenge cha kubebea mtoto hufungwa mafundo mawili, moja kifuani, moja tumboni, na hilo la chini ndilo linalobeba uzito. Lingekaa juu ya mfuko. Kwa hiyo aliyembeba binti yangu ni dada yangu. Siku mfuko ulipotolewa, mtoto alikuwa ameshaanza kutembea, wala hakutaka mgongo wa mtu.

Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita. Kifuko cha ndani kilinitunza. Nilikwenda sokoni, kanisani, matangani, mradi nijue choo kiko wapi. Goma ni mawe ya volkano, kuchimba shimo ni vita, lakini kuanzia nyumbani hapa Katindo hadi sokoni hakuna choo nisichokijua. Majirani walinitania, nami nilicheka nao.

Miaka mitatu iliyopita kifuko kikaanza kuvimba. Homa, damu, kwenda chooni mara kumi na tano kwa siku. Dawa zilikituliza wiki mbili, kikarudia. Mwezi uliopita daktari aliniambia kwa upole kwamba kimechoka, na kwamba ni afadhali nirudi kwenye mfuko wa nje, safari hii moja kwa moja. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nilikuwa namdanganya, kwa sababu binti yangu ana mimba ya miezi mitano, na mtoto huyo nimeapa kumbeba mimi.

Nikamwambia binti yangu madaktari waningoje. Nimbebe mjukuu mpaka atembee, ndipo wanikate. Akaniuliza nitambebaje nikiwa nakimbilia choo kila baada ya dakika chache. Nilikasirika, nikamwambia hana adabu, na siku mbili sikumsemesha. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli.

Siku ya tatu alikuja na kitenge, mfuko wa unga wa muhogo wa kilo tatu, na kifuko cha plastiki cha maji ya kunywa, vile vinavyouzwa barabarani. Maji akayabandika tumboni kwangu kwa utepe, palepale palipokuwa na mfuko. Akaniinamisha, akaweka unga mgongoni, akapitisha kitenge juu ya bega la kulia na chini ya kwapa la kushoto, akakaza fundo moja kifuani. Tumboni hakufunga kitu.

"Ni nani alisemaka fundo lazima ikuwe pa tumbo?" akauliza. "Mutoto anabebewaka ku mugongo, mama. Tembea."

Nilitembea mpaka kwenye geti, nikarudi. Unga haukuteleza. Maji hayakupasuka. Nikaketi chini nikalia, kwa uchungu na kwa hasira: miezi tisa yote ile, mimi na dada yangu, wanawake wazima wawili, hakuna aliyewaza bega.

Kesho yake nilimpigia daktari. Nilimwomba anipangie siku ya karibu, nipone kabla mtoto hajafika.

Ule unga hatujaupika. Mchana, mvua ikinyesha, naufunga mgongoni na kuzunguka polepole barazani, na kuna siku nauimbia.